Kutiwa Adabu na Mola Si Kuchukiwa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa zote njema ni zake Yeye, Mlezi wa viumbe vyote; na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, wiki chache zilizopita, tulipokwisha darsa baada ya sala ya Isha, watu wakawa wanatafuta viatu vyao mlangoni na kuagana, ndugu yetu mmoja alibaki ameketi mahali pake wala hakuinuka. Tulipomwendea alisema: "Maalim, nina swali, lakini si la kuuliza mbele za watu." Tukaketi naye. Swali lake ndilo lililotufanya tuyaandike maneno haya, naye ametupa ruhusa kuyaandika maadamu hatumtaji.

Ndugu huyu alikuwa karani katika ghala la mfanya biashara mmoja. Kwa muda wa miaka miwili, yeye na wenzake wawili walikuwa wakitoa bidhaa kidogo kidogo, wakiziuza nje, na kuzirekebisha hesabu zisionyeshe kasoro. Kisha akaja kusikia katika darsa maneno juu ya amana, yakamwingia moyoni, akakosa usingizi. Siku ya tatu akaenda kwa tajiri wake, akakiri yake yeye mwenyewe, akaahidi kulipa. Tajiri akamfukuza kazi siku ile ile. Wenzake wawili walipoitwa waliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hawajui lolote. Wakaaminiwa, na mmoja wao akapewa kile kiti alichokuwa akikalia yeye. Sasa ndugu yetu hubeba mizigo ya watu sokoni, na katika kile kidogo anachokipata hutenga sehemu ya kulipa deni. Watoto wake wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Majirani wanamnyoshea kidole.

Alipokwisha kutueleza hayo alisema: "Nilipokuwa nikiiba, nilikula nikashiba na watu wakaniamkia kwa heshima. Nilipotubu, nimelala na njaa na watu wananikimbia. Wale walioapa uwongo wanastarehe. Nambie, Maalim, je, Mola wangu ameikataa toba yangu? Je, ananichukia?"

Tulimjibu kwa maneno machache usiku ule. Lakini tulipokwenda zetu tuliona kwamba swali lile ni kubwa kuliko jawabu tuliyompa, na kwamba wenye swali hilo vifuani mwao ni wengi, ingawa hawalitamki. Basi leo tunataka kulijibu inavyostahili, kwa kadiri ya uwezo wetu.

MIZANI MBILI ZA UWONGO

Jambo la kwanza linalotupasa kulijua ni kwamba mwanadamu ana mizani mbili za kupimia mapenzi ya Mola wake, na zote mbili ni za uwongo. Mwenyezi Mungu amezitaja katika Sura ya Alfajiri, aya ya 15 na ya 16. Mtu akineemeshwa husema kwamba Mola wake amemkirimu. Akibaniwa riziki husema kwamba Mola wake amemdhalilisha. Kisha mara moja baada ya hayo likaja neno la kukanusha, kwamba sivyo hivyo. Kukunjuliwa riziki peke yake si ushahidi wa mapenzi, na kubanwa peke yake si ushahidi wa chuki.

Bali Qurani imetuonya na jambo la kuogofya zaidi. Katika Sura ya Al-An'aam, aya ya 44, tunaelezwa khabari za kaumu waliosahau walichokumbushwa. Na adhabu yao ya kwanza haikuwa njaa wala maradhi. Walifunguliwa milango ya kila kitu, hata walipokuwa katika kilele cha furaha yao wakashikwa kwa ghafula. Wanazuoni huita jambo hili istidraji, maana yake kuvutwa daraja kwa daraja kuelekea kwenye maangamizi, hali mtu adhani kwamba anapanda ngazi ya utukufu.

Jambo la pili ni maana ya jina la Mola wetu. Sisi husoma kila siku katika Alhamdu kwamba Yeye ni Rabbi wa walimwengu. Neno hili katika lugha ya Kiarabu limebeba maana ya ubwana na ya ulezi pamoja. Rabbi ni Yule anayemiliki kitu na kukilea hatua kwa hatua mpaka kitimie. Na nani katika sisi alilelewa bila ya kukatazwa? Wazee wetu walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi amwonaye mwanawe akiushika moto akamwacha kwa kuwa hataki kusikia kilio chake, huyo hampendi mwanawe. Ajipenda nafsi yake na utulivu wa nyumba yake.

Tena tazameni hekima iliyomo katika lugha yetu ya Kiswahili. Mzazi amtiapo mtoto wake adabu twasema kwamba amemrudi. Na neno hilo hilo la kurudi ndilo tulitumialo kwa msafiri anayerejea kwao. Ni kana kwamba waliotutangulia walijua kwamba mwenye kurudiwa kwa haki huwa anarudishwa mahali, yaani anarejeshwa nyumbani baada ya kupotea njia.

KISA CHA KAAB BIN MALIK

Ndugu zangu, lau tungetafuta katika sira yote ya Mtume (s.a.w.) kisa kinachofanana na cha ndugu yetu huyu, tusingepata kilicho karibu zaidi kuliko kisa cha Kaab bin Malik, Mwenyezi Mungu awe radhi naye. Alikisimulia mwenyewe uzeeni, hali macho yamekwisha kupofuka, akamsimulia mwanawe aliyekuwa akimwongoza njia. Nasi tumekipata katika vitabu vya Bukhari na Muslim.

Kaab alikuwa Ansari, mtu wa Madina, na mmoja katika washairi wa Mtume. Alikuwamo katika wale waliofunga ahadi na Mtume pale Akaba kabla ya Hijra. Hakuwa mtu wa pembeni. Katika mwaka wa 9 wa Hijra, sawa na mwaka 630, Mtume (s.a.w.) alitangaza safari ya Tabuk, kuelekea mpaka wa Shamu. Ilikuwa ni wakati wa joto kali, safari ni ya mbali, na matunda ya Madina yameiva na vivuli vyake vinavutia. Kaab anasema kwamba hakuwa na udhuru wowote. Hakupata kuwa na nguvu na uwezo kama alivyokuwa wakati ule, na alikuwa na wanyama wawili wa kupanda, jambo ambalo halikupata kumtokea kabla yake. Kila asubuhi alitoka ili ajitayarishe, na kila jioni alirudi hajafanya kitu, akijiambia kwamba aweza kufanya hivyo wakati wowote apendao. Jeshi likaondoka. Akasema atalifuata kesho. Kesho ikawa kesho kutwa, mpaka lilipokwisha kuwa mbali mno.

Tazameni jinsi dhambi ilivyomwingia mtu mwema: hakumkana Mtume, wala hakuichukia dini; aliahirisha tu. Na alipotoka kutembea mjini, jambo lililomhuzunisha ni kwamba hakuona waliobaki nyuma ila mtu anayetuhumiwa unafiki, au mnyonge aliyesamehewa na Mwenyezi Mungu.

Mtume (s.a.w.) aliporejea alianzia msikitini, kama ilivyokuwa desturi yake, akasali rakaa mbili, kisha akaketi kwa ajili ya watu. Wakamjia waliobaki nyuma, watu zaidi ya themanini, wakitoa nyudhuru zao na kumwapia. Akazipokea dhahiri zao, akawaombea maghufira, na siri zao akamwachia Mwenyezi Mungu. Mambo yao yakaisha mchana ule ule. Wakaenda majumbani kwao wakala chakula chao.

Ikafika zamu ya Kaab. Mtume alimtabasamia tabasamu la mtu aliyekasirika, akamwuliza lililomzuia. Kaab alikuwa mtu wa ufasaha. Alijua kwamba lau angeketi mbele ya mtu mwingine yeyote wa dunia hii angetoka kwa udhuru mzuri. Lakini alisema kwamba akisema uwongo leo ili aridhiwe, hapana shaka Mwenyezi Mungu atamghadhibisha Mtume juu yake kesho. Na akisema kweli, Mtume atamkasirikia, lakini atakuwa na matumaini ya mwisho mwema kwa Mwenyezi Mungu. Basi akakiri kwamba hakuwa na udhuru wowote. Mtume akashuhudia kwamba huyu amesema kweli, akamwamuru aondoke mpaka Mwenyezi Mungu atakapohukumu juu yake.

Alipotoka, watu wa kabila lake walimfuata wakimlaumu: mbona hakutoa udhuru kama wenzake, akapata kuombewa maghufira, yakaisha? Hawakuacha kumshikilia mpaka akakaribia kurudi na kujikanusha. Kisha akauliza: je, yuko mwingine aliyepatwa na kama haya? Akaambiwa wako wawili, Murara bin Al-Rabii na Hilal bin Umayya. Wametamka kama alivyotamka na wamejibiwa kama alivyojibiwa. Kaab aliposikia majina ya watu wema wale wawili aliendelea na njia yake.

SIKU HAMSINI

Mtume (s.a.w.) akakataza watu wasiseme na watatu wale. Fahamuni vyema, ndugu zangu: waliokatazwa kusemeshwa hawakuwa wale themanini walioapa uwongo. Walikuwa ni watatu waliosema kweli.

Wenzake wawili walijifungia majumbani mwao wakilia. Kaab alikuwa ndiye kijana na mwenye nguvu zaidi, akawa anatoka, anahudhuria sala pamoja na Waislamu, anazunguka masokoni, wala hapana mtu anayemjibu. Ardhi ikambadilikia, haikuwa tena ile aliyoijua. Alikuwa akimwendea Mtume akiwa ameketi baada ya sala, akimtolea salamu, kisha akijiuliza moyoni: je, midomo yake imetikisika kunijibu au la?

Na hapa pana jambo ambalo twataka kila msomaji alisimamie kitambo. Kaab anasema kwamba alikuwa akisali karibu na Mtume na kumwibia macho. Alipoielekea sala yake, Mtume humtazama. Naye Kaab alipogeuka kumtazama, Mtume hugeuza uso.

Subhanallah! Mwenye kuadhibiwa adhani kwamba hatazamwi, naye anatazamwi kila anapoinamisha kichwa chake katika sala. Adhabu ilikuwa ni ya kweli, na uchungu wake ulikuwa wa kweli. Lakini jicho lile halikuondoka kwake. Basi ikiwa huo ndio uangalizi wa Mtume, aliye mwanadamu, ni uangalizi gani wa Yule aliyemtuma, ambaye hashikwi na usingizi wala kughafilika?

Siku ziliporefuka, Kaab alipanda ukuta wa shamba la binamu yake Abu Katada, mtu aliyempenda kuliko watu wote. Akamtolea salamu, wallahi hakuitikia. Akamwuliza kwa jina la Mwenyezi Mungu kama ajua kwamba yeye ampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Kimya. Akamwuliza tena. Kimya. Mara ya tatu Abu Katada akajibu kwamba Mwenyezi Mungu na Mtume wake ndio wajuao zaidi. Macho ya Kaab yakabubujika machozi, akageuka, akapanda ukuta akaenda zake.

Kisha ukaja mtihani uliokuwa mkubwa kuliko yote, nao ulikuja kwa sura ya rehema. Alipokuwa sokoni, mkulima mmoja wa Kinabati kutoka Shamu, aliyeleta chakula kuuza Madina, alikuwa akimwulizia. Watu wakamwonyesha kwa ishara. Akampa barua ya mfalme wa Ghassan, ikisema kwamba zimemfikia khabari za jinsi Kaab alivyofanyiwa ukavu na bwana wake, na kwamba yeye si mtu wa kudhalilishwa. Basi na aende kwao, watamliwaza. Kaab alipoisoma alisema kwamba hii nayo ni katika balaa, akaiendea tanuri akaitia motoni.

Usiku wa arubaini alipopita, likaja agizo kwamba wakae mbali na wake zao. Hakumtaliki mkewe, bali alimwambia akakae kwa jamaa zake mpaka Mwenyezi Mungu atakapohukumu. Mke wa Hilal alimwendea Mtume akamweleza kwamba mumewe ni mzee asiye na mtumishi, akaruhusiwa kumtumikia. Hata katikati ya adabu ile, mzee hakuachwa bila ya mtu wa kumpa maji.

Ilipotimia siku ya hamsini, Kaab alisali sala ya Alfajiri juu ya paa la nyumba yake, nafsi yake imemdhikia na ardhi imembana. Ghafula akasikia sauti ya mtu aliyepanda jabali la Sal', akinadi kwa sauti yake yote kwamba Kaab apokee bishara. Akaanguka akasujudu. Mtume alikuwa amewatangazia watu baada ya sala ya Alfajiri kwamba Mwenyezi Mungu amewakubalia toba. Mmoja alimpiga farasi mbio kumletea khabari, na mwingine akaukimbilia mlima. Ikawa sauti imefika kabla ya farasi. Yule mwenye sauti alipomfikia, Kaab alivua nguo zake mbili akamvika, wala hakuwa na nyingine siku ile. Akaazima nguo kwa watu akaenda kwa Mtume, na watu makundi kwa makundi wakimpokea kwa pongezi. Talha bin Ubaidullah aliinuka akamkimbilia akampa mkono. Na uso wa Mtume uling'ara kwa furaha kama kipande cha mwezi. Akampa bishara ya siku iliyo bora kuliko zote zilizompitia tangu alipozaliwa na mamaye.

MAZINGATIO

Katika kisa hiki mna mafunzo mengi. Sisi tutataja matatu.

La kwanza ni kwamba aliyeachwa bila ya kuulizwa siye aliyependwa. Wale themanini na zaidi walisamehewa mchana mmoja, wakacheka, na watu wa kabila la Kaab wakawaona kuwa ndio wenye akili. Kisha zikateremka aya katika Sura ya Tawba, ya 95 na ya 96, zikiwaambia Waislamu wawapuuze walioapa, na kwamba hata wakiridhiwa na watu, Mwenyezi Mungu hawi radhi na watu wapotovu. Haikuja siku ya hamsini kwa ajili yao. Hapana aliyepanda mlima kuwanadia bishara. Kaab mwenyewe aliapa kwamba, baada ya kuongozwa katika Uislamu, hakupata neema kubwa kuliko ule ukweli alioutamka siku ile, kwani lau angesema uwongo angeangamia kama walivyoangamia wale.

La pili ni kwamba Mwenyezi Mungu ndiye anayeanza kumrudia mja. Someni aya ya 118 ya Sura hiyo. Inaeleza kwamba ardhi iliwabana watatu wale juu ya wasaa wake, na nafsi zao zikawadhikia, wakayakinisha kwamba hapana pa kumkimbia Mwenyezi Mungu isipokuwa kwake Yeye. Kisha akawaelekea kwa rehema ili wapate kutubu. Angalieni mpango wa maneno: Yeye kwanza, kisha wao. Toba ya mja imezungukwa na rehema mbili. Rehema iliyomfanya atubu, na rehema ya kuipokea toba yake. Basi mtu aliyekosa usingizi kwa ajili ya dhambi asiseme kwamba Mola amemwacha. Nani aliyemnyima usingizi ule?

Na juu ya kumkimbilia Yeye aliye mwenye kuadhibu, wangapi katika sisi hawakumwona mtoto mdogo anayepigwa na mamaye? Hulia, naye akilia huukamata ukingo wa kanga ya mama yule yule na kuuficha uso wake ndani yake. Hajui mahali pengine pa kulilia. Mtume (s.a.w.) alipomwona mwanamke katika mateka akimkumbatia mtoto na kumnyonyesha, aliwafundisha sahaba zake kwamba Mwenyezi Mungu ana huruma zaidi kwa waja wake kuliko mwanamke yule kwa mwanawe.

La tatu ni ile barua. Kila mtu aliyebanwa na Mola wake huletewa barua ya mfalme wa Ghassan. Humjia mtu aliyefiwa, au aliyeugua, au aliyeharibikiwa na biashara, mtu mwingine akiwa na uso wa huruma akamwambia: wewe umerogwa, twende kwa fulani akupigie ramli, akutazamie nyota, akupunge, akuandikie hirizi ya kuvaa kiunoni, uchinje mnyama wa rangi fulani. Au humwambia: uaminifu umekufikisha wapi? Rudi kwa wenzako, uapie kama walivyoapia wao, ule kama wanavyokula wao. Maneno haya ni matamu kwa mwenye njaa. Dawa yake ni moja, nayo ni tanuri.

KUJIHADHARI NA KUHUKUMU

Hata hivyo, ndugu zangu, yatupasa tuwe na hadhari kubwa tusije tukaichukua elimu hii tukaifanya fimbo ya kuwapigia wenzetu. Kaab alijua kosa lake, na wahyi ulikuwa ukishuka. Sisi hatuteremshiwi wahyi. Si kila aliyepatwa na msiba amepatwa kwa dhambi. Mitume ndio waliopewa mitihani mizito kuliko watu wote. Nabii Ayubu aliguswa na dhara naye ni mja mwema. Mtume wetu (s.a.w.) aliwazika watoto wake sita katika uhai wake, hakubakia baada yake ila Fatima. Alipokufa mwanawe Ibrahim jua likapatwa siku hiyo, watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo chake. Naye, hali moyo wake umejaa huzuni, akasimama kuwakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa uhai wake. Basi ikiwa Mtume hakukubali msiba wake mwenyewe ufasiriwe kwa dhana, sisi ni nani hata tukae barazani tukafasiri misiba ya majirani, tukasema fulani mtoto wake amekufa kwa ajili ya hili, na fulani nyumba yake imeungua kwa ajili ya lile?

Kanuni ni hii: elimu ya kutiwa adabu ni ya kila mtu kujitazamia nafsi yake. Ukipatwa wewe na jambo, jitazame. Ukiona dhambi, tubu na urudishe haki za watu. Usipoiona, subiri na utake malipo, kwani Mtume ametufundisha kwamba hapana tabu wala maradhi wala huzuni inayompata Mwislamu, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwayo baadhi ya makosa yake. Njia zote mbili zaelekea kwenye mlango mmoja. Ama akipatwa mwenzako, kazi yako ni kumpelekea chakula.

Na hapa hatuna budi kujilaumu sisi wenyewe. Ndugu yetu yule alipofukuzwa kazi, wengi katika sisi, watu wa darsa, tulimkwepa. Wengine waliogopa jina lake lisije likawachafua. Wengine walidhani wanafuata mfano wa sahaba walivyomsusa Kaab. Hayo ni makosa. Sahaba walimsusa kwa amri ya Mtume, na wahyi ndio uliomaliza, lakini kwa upande wetu, yeye mwenyewe (s.a.w.) amekwisha kutukataza kumhama ndugu yetu zaidi ya siku tatu. Tena sahaba walipokatazwa walitii hali nyoyo zinawauma, na mlango ulipofunguliwa mmoja alikimbilia mlima na mwingine akapanda farasi. Sisi tumelishika lile la kususa, na lile la mbio tumelisahau. Mtu alitenda kosa kwa siri akalikiri kwa dhahiri, naye alistahili Talha wa kumwinukia. Talha huyo alikuwa wapi katika msikiti wetu?

JAWABU

Sasa twamwelekea mwenye swali. Ndugu yetu, umeuliza kama Mola wako anakuchukia. Hatuna wahyi wa kukupa, wala hatukuahidi kwamba kazi yako itarudi, wala kwamba wenzako watafichuka, wala kwamba siku zako zitakuwa hamsini. Huenda zikawa chache, huenda zikawa nyingi. Lakini twakwambia yale tunayoyajua. Ulipokuwa ukiiba ukashiba, hukuona mtu wa kukuzuia. Na hilo lilipaswa kukutisha zaidi kuliko njaa ya leo. Kisha neno moja la Qurani likakunyima usingizi. Kisha ulimi wako ukapewa nguvu ya kusema kweli mbele ya mtu mwenye uwezo wa kukudhuru. Kisha ukapewa subira ya kubeba mizigo na kulipa haki za watu hapa duniani, kabla ya siku ambayo haki hazilipwi kwa shilingi bali kwa mema ya mtu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu akimtakia mja wake kheri humharakishia adhabu yake hapa duniani. Haya yote uliyoyaona kuwa ni mlango uliofungwa, sisi twayaona kuwa ni mkono uliokushika usianguke.

Watu walipomsema Mtume kwamba Mola wake amemwacha, wakati wahyi ulipokawia kumjia, iliteremka Sura ya Dhuha kumhakikishia kwamba Mola wake hakumwacha wala hakumchukia. Isome kila asubuhi unapotoka kwenda sokoni. Na unapoinamisha kichwa chako katika sala, mkumbuke Kaab, aliyekuwa akitazamwa wakati asiojua.

Ama sisi tuliobaki, tumekubaliana katika darsa kwamba karo ya watoto wake ni juu yetu mpaka atakapojiweza, na kwamba aliye na duka au ghala, na atafutaye karani, amfikirie mtu ambaye uaminifu wake umekwisha kumgharimu. Hiyo si hisani. Ni deni la siku tulizomkwepa.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye Mwenye kughufiria, Mwenye upendo. Usituache na nafsi zetu hata kwa kupepesa kwa jicho. Tukipotea, turudi kwa upole. Na ikiwa hatusikii upole, basi turudi kwa lolote upendalo, maadamu hutuachi. Tuepushe na neema inayotusahaulisha, na utupe moyo wa kuzitia tanurini barua za shetani. Wape subira waliobanwa, na uwaletee bishara alfajiri. Na utujaalie tuwe pamoja na wakweli. Amin.

Wabillahi tawfiki.